Hesabu za kichwa darasa la kwanza: usikimbilie "ngapi?", muulize mtoto "umepataje?"

Mwalimu wa KKK (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Wakubwa shikamooni.

Nafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, darasa la kwanza hapa Kigoma, huu ni mwaka wa tisa. Darasa langu limepita watoto mia na madawati hayatoshi, kwa hiyo nitakayoyasema hapa yametoka kwenye vumbi la chaki, siyo kwenye semina. Nashusha uzi huu kwa sababu ya mtoto mmoja, na kwa sababu kila mwaka napokea mwingine kama yeye.

Alihamia kwangu katikati ya mwaka. Mpole, mwandiko mzuri. Nikampa 7 + 5, akaandika 11. Nikampa 6 + 3, akaandika 8. Nikampa 8 + 4, akaandika 11. Nikafungua daftari alilokuja nalo: kurasa nzima za alama za kosa kwa wino mwekundu, na chini yake "ongeza bidii".

Hebu yatazameni yale majibu tena. 11 badala ya 12, 8 badala ya 9, 11 badala ya 12. Kila jibu limepungua moja. Mtoto anayebahatisha hakosei kwa mpangilio wa namna hiyo. Nikamwita mezani nikamwambia, "Haya baba, nihesabie kwa sauti nisikie umepataje." Mikono ikazama chini ya meza. Nikawa naona mabega yanatikisika kidogo kidogo, anakunja vidole huko huko chini. Nikamwambia aitoe, kwangu hachapwi mtu kwa kuhesabia vidole. Akaitoa taratibu, huku ananitazama usoni. Akasema "saba", akakunja kidole cha kwanza. "Nane", cha pili. "Tisa." "Kumi." "Kumi na moja." Vidole vitano vimeisha, jibu kumi na moja.

Mmeona? Mtoto huyu alikuwa ameshagundua mwenyewe jambo kubwa, kwamba hakuna haja ya kuanza na moja. Nusu ya darasa langu siku hiyo bado walikuwa wanaweka vijiti saba, wanaweka vitano, halafu wanarudi kuhesabu vyote upya, moja, mbili, tatu. Yeye alikuwa mbele yao. Kilichomponza ni kidole cha kwanza: alikipa saba, na saba alikuwa nayo tayari.

Nikamwuliza, "Ukipanda treni hapa Kigoma kwenda Tabora, kituo cha kwanza mnachosimama ni Kigoma?" Akacheka. "Hapana mwalimu, hapa si ndipo tulipopandia?" Basi, saba ndipo ulipopandia. Piga kifua useme "saba", kisha kidole cha kwanza kiseme "nane". Akapiga kifua. Kumi na mbili. Nikampa nyingine kumi, akapata zote. Hatukumaliza hata dakika tano, na daftari lilikuwa limemwonyesha kama mjinga kwa miezi.

Jibu peke yake lisingeniambia kitu. Lile swali la "umepataje" ndilo lililofungua mlango, na ndilo ninalowaomba wazazi na walimu wenzangu mlichukue.

Sasa niseme njia yenyewe ilivyo. Mtoto akianza, anahesabu vyote. Halafu anajifunza kuanzia namba ya kwanza: kwa 3 + 8 anasema "tatu", kisha anahangaika na vidole vinane. Halafu siku moja anageuza: anaanzia nane, anaongeza vitatu. Kugeuza huko ni hatua kubwa sana, maana ndani yake kuna kuelewa kwamba tatu na nane ni sawa na nane na tatu. Mwaka 1972 watafiti wawili, Groen na Parkman, walipima muda wanaotumia watoto wa darasa la kwanza kujibu hesabu kama hizi. Muda ulikuwa unakua kwa kufuata ile namba ndogo, yaani watoto walikuwa wanaanzia kubwa na kupanda kwa ndogo. Isipokuwa hesabu za mapacha, 3 + 3, 4 + 4. Hizo zilijibiwa haraka tu, ziwe kubwa ziwe ndogo.

Mapacha nitayarudia. Nawasikiliza kwanza.

Mzee wa Gungu

Mwalimu pole na kazi. Lakini niseme ukweli wangu. Sisi jedwali tulilikariri, asubuhi mstarini unaulizwa, usipojua unakiona cha moto. Tukajua. Leo mnawaachia vidole na visoda, mtoto anafika darasa la nne bado anachora vijiti pembeni ya daftari. Mjukuu wangu nilimkuta anachora vijiti 62 kwa ajili ya 24 + 38. Sitini na mbili! Akakosea kimoja, akaanza upya. Huko ndiko mnakowapeleka?

Mwalimu wa KKK

Shikamoo mzee wangu. Hilo la vijiti 62 umesema kweli tupu, nami linaniuma kama linavyokuuma. Mtoto akiachwa na vijiti miaka mitatu bila kuonyeshwa ngazi inayofuata, tumemtupa. Visoda ni vya kuvukia, havifai kujengewa nyumba.

Ila kwenye kukariri naomba tupige hesabu pamoja. Chukua kuanzia 1 + 1 mpaka 9 + 9. Ni hesabu 81. Ukimpa mtoto wa miaka sita vitu 81 visivyoshikana akariri, vingine vitaingia na vingine vitadondoka, na kikidondoka hana pa kukiokota.

Sasa mfundishe kugeuza, kwamba 3 + 8 na 8 + 3 ni mtu mmoja. Papo hapo 81 zimebaki 45. Zenye moja, ambazo ni kutaja namba inayofuata tu, zipo 9. Toa, zimebaki 36. Zenye mbili ni kuruka hatua mbili, zipo 8. Zimebaki 28. Mapacha kuanzia 3 + 3 mpaka 9 + 9 ni 7, na hayo watoto wanayapenda wenyewe, wanayaimba. Zimebaki 21. Zinazotimiza kumi ambazo hatujazigusa ni 3 + 7 na 4 + 6. Zimebaki 19. Jirani wa pacha, kama 6 + 7, ambayo ni sita na sita kisha moja, zipo 6. Zimebaki 13. Zenye tisa zilizobaki ni 5, na tisa ukiikopesha moja imekuwa kumi. Zimebaki 8.

Nane tu, mzee wangu: 3 + 5, 3 + 6, 3 + 8, 4 + 7, 4 + 8, 5 + 7, 5 + 8 na 6 + 8. Na humo zenye nane zinamalizwa kwa kumi vilevile. Zilizobaki nne nami nakubali, akariri. Na akisahau, ana njia ya kuifikia.

Mjukuu wako aliyechora vijiti 62, akili anayo na uvumilivu anao. Hakuna aliyemwambia kwamba nane inadai mbili ili itimie kumi.

Mzee wa Gungu

Marahaba mwanangu. Hiyo ya 81 kubaki 8 nimeiandika kwenye karatasi nikahakiki mwenyewe. Ni kweli. Endelea.

Baba wa Binti, Tabora

Mwalimu shikamoo. Nakusoma kutoka huku Tabora, mtaa wa Cheyo. Binti yangu yuko darasa la kwanza. Hakosei, shida yake ni taratibu mno. 8 + 6 anaanza moja mpaka kumi na nne, kila siku. Mwalimu wake ameniambia ni mzito. Nikimwambia "anzia nane" anafanya kwa sababu nimesema, nikigeuka amerudi kwenye moja. Nimfanyeje? Nisimharakishe au nimharakishe? Mimi elimu yangu ya darasa la saba, nisije nikamharibu.

Mwalimu wa KKK

Marahaba baba. Humharibu, baba anayekaa chini na mwanawe jioni kwa ajili ya nane na sita hawezi kumharibu.

Usimharakishe. Anaanzia moja kwa sababu bado haiamini nane. Kwake nane ni safari, mpaka apite moja, mbili, tatu, ndipo ajue amefika kweli. Siku akiiona nane kwa jicho moja bila kuihesabu, hatakuwa na sababu ya kurudi nyuma. Umewatazama wazee wanaocheza bao? Mzee haingizi kidole shimoni kuhesabu kete moja moja. Anatupa jicho, anajua humu mna nne, anasogea. Jicho hilo hata mtoto analo kwa vitu vitatu, vinne. Zaidi ya hapo anahitaji mpangilio.

Tafuta trei ya mayai, ile ya karatasi ya mayai 30. Ina mistari sita ya mashimo matano matano. Ikate kwa kisu, mistari miwili miwili. Trei moja imekupa vibao vitatu, kila kimoja mashimo kumi, matano juu na matano chini. Visoda uliza kwenye grosari yoyote, watakupa bure.

Wiki ya kwanza usimpe hesabu ya kujumlisha hata moja. Jaza mashimo ya juu yote na mawili ya chini, funika na kanga, funua, hesabu moja mbili, funika tena. "Umeona ngapi?" Akisema saba, muulize, "Umejuaje?" Unachotafuta ni aseme "mstari mmoja na mbili". Kesho nane, keshokutwa sita. Na kila mara muulize la pili: "Inadai ngapi ijae?" Nane inadai mbili. Saba inadai tatu. Sita inadai nne. Mimi natumia neno "inadai" kwa makusudi, maana watoto wetu deni wanalijua tangu wakiwa wadogo, wanatumwa dukani kila siku kuambiwa "mwambie mama bado inadaiwa mia mbili".

Wiki inayofuata lete kibao cha pili. Nane hapa, sita pale. Nyamaza. Mwache atazame. Watoto wengi mkono wenyewe unakwenda: anatoa visoda viwili kwenye sita, anaziba yale mashimo mawili. Hapa kumi, pale nne. Na hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyofikiri. Akishaona kumi na nne, tayari ameshalitaja jibu: *kumi na nne*. Neno lenyewe linasema kumi, na juu yake nne. Anayejifunza kwa Kiingereza, kumi na moja na kumi na mbili ni majina mawili ya kukariri ambayo hayaonyeshi kumi hata kidogo. Kiswahili kinatupa ile kumi bure mpaka kumi na tisa, kisha ghafla inakuja ishirini na wenziwe thelathini na arobaini, maneno ya Kiarabu, na kumi inajificha. Ndiyo maana mimi darasani ishirini naiita pia "makumi mawili" kwa muda mrefu kabla sijawaacha nayo.

Halafu siku ya mwisho fanya hivi: vibao viweke chini ya kitanda, mwambie afumbe macho avione kichwani. Nane, sita. Anasogeza visoda ndani ya kichwa. Hesabu za kichwa ndizo hizo.

Muuza Genge wa Mwanga

Mwalimu mimi nina swali ambalo linaninyima usingizi. Kijana wangu wa darasa la pili anakaa na mimi gengeni kila jioni. Mteja akichukua nyanya za mia tano, kitunguu cha mia mbili na dagaa kipimo cha mia tano, kabla sijafungua mdomo yeye ameshasema "elfu moja na mia mbili". Chenji hakosei. Lakini shuleni hesabu zinaandikwa sifuri. Nimeitwa, nimeambiwa mtoto hajui kujumlisha. Nilikaa pale nikashindwa hata kujibu. Mimi namwona kila siku anajumlisha! Ni mtoto yuleyule au nina watoto wawili?

Mwalimu wa KKK

Mama, ni mtoto yuleyule, na aliyekwambia hajui kujumlisha hakumwuliza anavyopata akiwa gengeni.

Hili halikuanza Mwanga. Mwaka 1985 watafiti huko Brazil, mji wa Recife, waliandika habari za watoto watano waliokuwa wakiuza sokoni na mitaani. Walijifanya wateja, wakawauliza bei na chenji. Watoto walipata asilimia 98 ya maswali. Kisha wakawaletea hesabu hizo hizo kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala machungwa. Wakapata asilimia 37. Watoto wale wale, namba zile zile.

Sasa mtazame mwanao vizuri kesho jioni, maana anafanya kitu kizuri sana. Mia tano, mia mbili, mia tano. Nina hakika hahesabu mia moja, mia mbili, mia tatu. Anazikutanisha zile mia tano mbili kwanza, zinakuwa elfu, halafu anabakiza mia mbili. Muulize uone. Nyanya na kitunguu ni mia saba, dagaa mia tano: hiyo ndiyo 7 + 5 ya ubaoni! Saba ni tano na mbili. Tano na tano kumi. Mbili ipo pembeni. Sarafu zetu zimemfundisha, kwa sababu tuna ya mia tano na ya mia mbili, na mia saba haiwezi kulipwa kwa sarafu moja, lazima uivunje.

Na mikono yetu imeumbwa kama zile sarafu. Darasani nawaketisha wawili wawili. Mmoja anaonyesha sita: mkono mzima na kidole kimoja. Mwenzake anaonyesha saba: mkono mzima na vidole viwili. Nawaambia mikono mizima isalimiane. Inagusana kiganja kwa kiganja, hiyo ni kumi. Vidole vilivyobaki vinasimama pembeni, kimoja na viwili, tatu. Kumi na tatu. Darasa zima linapiga kelele za kusalimiana, mwalimu wa jirani anakuja kuchungulia, na mimi siwanyamazishi. Hakuna kifaa kilichonunuliwa hapo, na mtoto aliyekuwa anaficha vidole chini ya meza sasa anavinyanyua juu ya kichwa.

Kwa hiyo, mama, fanya kama daraja. Akishamaliza na mteja, mwandikie kwenye kipande cha boksi 700 + 500 = 1,200. Asome mwenyewe. Chini yake mwandikie 7 + 5 uache wazi. Usimweleze chochote. Mpe nafasi aone kwamba vile vialama vya ubaoni ndiyo nyanya na dagaa. Na daftari la shule ukipata nafasi nenda nalo kwa mwalimu wake, umwombe kwa heshima amuulize mtoto swali moja la sarafu mbele yako.

Muuza Genge wa Mwanga

Nimemwuliza sasa hivi kabla hajalala. Kasema "mama, mia tano na mia tano si ni jero mbili, hiyo ni buku, halafu mia mbili". Kama ulivyosema. Mungu akubariki mwalimu. Kesho nakwenda shuleni na kile kipande cha boksi.

Mwalimu Mwenzenu

Nami nafundisha la pili, ila si Kigoma. Naomba kuuliza kuhusu mashindano ya haraka, yale ya kusimamisha watoto na anayejibu wa kwanza anakaa. Watoto wanayapenda.

Mwalimu wa KKK

Wanaoyapenda ni wanaokaa mapema. Mimi niliyatumia miaka minne ya kwanza na nimeyaacha. Nilikuja kugundua kwamba wale wanaobaki wamesimama wanarudi kwenye njia wanayoiamini zaidi, kuhesabu vyote kutoka moja, haraka haraka na kwa hofu, wanakosea. Siku hiyo umewarudisha nyuma. Badala yake naandika hesabu moja tu, 9 + 6, dakika nzima kimya, hakuna kunyoosha mkono. Kisha naita watoto wanne watueleze wamepataje. Mara nyingi zinakuja njia tatu tofauti kwa jibu moja, na aliyekuwa anahesabu vyote anasikia ya mwenzake kwa maneno ya mtoto mwenzake. Hayo ndiyo yanayoingia.

Baba wa Binti, Tabora

Mwalimu nimerudi. Samahani nilipotea, trei ya kwanza nilikata vibaya ikabidi ninunue mayai mengine. Wiki mbili zimepita. Ya kufunika na kanga aliipenda mpaka mama yake akawa anaitaka kanga yake arudishiwe. "Nane inadai mbili" anaitamka hata akila.

Jana nikaficha vibao, nikamwuliza 8 + 6. Akatazama dari. Vidole havikucheza. Akasema kumi na nne. Nikamwuliza kama ulivyonifundisha, "Umepataje mama?" Nilitegemea aseme amekopa mbili akajaza kumi. Akasema: "Sita na sita kumi na mbili. Halafu nane ilikuwa imezidi mbili."

Hiyo sikumfundisha mimi. Tumefanya trei wiki mbili na hakuitumia. Nimrudishe kwenye trei?

Mwalimu wa KKK

Baba wa Binti, nimesoma ujumbe wako nikamwita mume wangu naye asome.

Usimrudishe. Mtoto aliyekuwa anaanza moja kila siku ameitazama nane, akaiona sita ndani yake na mbili imezidi, akaitafutia pacha. Hakuna aliyemwonyesha. Trei ilimfundisha kwamba namba inavunjika, na yeye amechagua pa kuivunjia. Watafiti Siegler na Jenkins waliwafuatilia watoto wadogo na kuandika mwaka 1989 kwamba mtoto mmoja hutumia njia hii leo na njia nyingine kesho kwa hesabu ileile, na hata akigundua njia bora, ile ya zamani haiachi mara moja. Kwa hiyo usishtuke kesho ukimsikia ameanza tena na moja. Usimkemee. Muulize tu kama kuna njia nyingine.

Kesho mpe 18 + 6. Hajafundishwa, najua. Vibao viache huko huko chini ya kitanda, useme namba mara moja, halafu unyamaze kabisa, hata akichukua dakika tatu. Uje utuambie alivyosema, neno kwa neno.

Baba wa Binti, Tabora

Sawa mwalimu. Sasa amelala. Nitampa asubuhi, kabla ya uji.